Corolla 110 langu linasita likishapata moto, kisha linapona lenyewe. Nipo Tanga, naomba msaada

MWENYE UZI

Habari za usiku wakuu, na walionizidi umri shikamooni.

Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1996, injini 5A-FE, gia za mkono. Ni gari la marehemu baba, kwa hiyo naomba asinishauri mtu kuliuza. Naishi Mikanjuni, kazi yangu iko Pongwe, na kila Jumamosi nakwenda Muheza kwa mama.

Tatizo lina miezi miwili sasa. Asubuhi linawaka kwa stata moja, silensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, linachanganya bila neno. Nikishatembea dakika 30 au 40 ndipo linapoanza. Nakanyaga mafuta, linasita. Halizimi. Ni kama kuna mtu amelishika kwa nyuma sekunde moja, kisha akaliachia likaruka mbele. Laweza kufanya hivyo mara nne ndani ya kilomita moja, halafu likakaa siku tano bila dalili yoyote. Nikilipaki robo saa likapoa, linapona. Nikilifikisha gereji huwa zima, fundi hana cha kushika.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mama, tunalipita lori la machungwa kabla ya kuingia Muheza. Likasita katikati ya kulipita, na mbele kuna basi linakuja. Nilirudi nyuma ya lori kwa nafasi ndogo sana. Mama hakusema kitu mpaka tumefika nyumbani, akaniambia, "Mwanangu, hili gari usinipakie tena mpaka ulijue ugonjwa wake." Maneno hayo yamenikaa.

Mpaka leo nimebadilisha plagi zote nne, waya za plagi, filta ya mafuta, nimesafishiwa throtoli (mlango wa hewa ya injini), na gereji ya mwisho wakaniuzia pampu ya mafuta ya mtumba. Nimeshavuka shilingi 300,000. Taa ya injini haiwaki. Mwenye kompyuta ya kupimia alinijibu soketi yake haiingii kwenye gari hili. Naomba wenye uzoefu mnielekeze.

DEREVA WA PANGANI

Pole sana ndugu. Mimi naona mafuta. Hiace yangu ya petroli ilinifanyia hivyo hivyo njia ya Tongoni. Ndani ya tanki, chini ya pampu, kuna chujio. Likijaa uchafu, pampu ikivuta kwa nguvu uchafu unanata na kuziba. Ukizima gari, mvuto unakatika, uchafu unadondoka, gari linapona. Ukienda tena mwendo mrefu linarudia. Hiyo ya kulipaki likapona ndiyo dalili yenyewe. Ulipobadilisha pampu, chujio lile ulibadilisha?

MWENYE UZI

Chujio walirudisha lile lile, walilipiga upepo tu.

KIJANA WA MAKORORA

Nozeli hizo, zinazopuliza petroli kwenye injini. Peleka zikasafishwe kwenye mashine, utaniambia.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Ndugu, simama hapo hapo, usinunue kitu kingine. Nimeshika magari haya Ngamiani miaka mingi na kinachonisikitisha ni hela ya watu inavyopotea kwa ugonjwa wa kubahatisha. Umebadilisha vitu vinne na hakuna hata kimoja kilichopimwa kabla ya kutolewa. Aliyekuambia pampu, alipima presha ya mafuta?

Ugonjwa unaokuja na kuondoka haushikwi gereji. Unashikwa barabarani, na wa kuushika ni wewe dereva, kwa sababu ndiye uliyepo unapotokea. Kwa hiyo kabla hujaleta gari kwangu au kwa fundi mwingine yeyote, nataka ufanye mambo matatu.

Kwanza, chukua daftari dogo uliweke kwenye dashibodi. Kila likisita, simama pembeni uandike: saa ngapi, umetembea dakika ngapi, geji ya moto iko wapi, mafuta kiasi gani kwenye tanki, gia ya ngapi, unapanda au upo tambarare, umekanyaga kidogo au umezamisha, barabara ni laini au ya matuta, mvua au jua. Usitegemee kukumbuka, ukifika nyumbani utakumbuka lile kubwa tu.

Pili, likisita, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Huu ndio mtihani mkubwa, na hauna gharama. Gari lako ni gia za mkono, maana yake likiwa kwenye gia, hata moto ukikatika kabisa, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini. Sasa mshale ule hauhesabu mzunguko wenyewe, unahesabu mapigo ya umeme upande wa koili, ile inayozalisha umeme mkali wa plagi. Likisita na mshale ukabaki palepale ulipokuwa, au ukashuka taratibu pamoja na mwendo, umeme wa plagi upo, tutafute mafuta au hewa. Mshale ukidondoka ghafla kuelekea sifuri huku gari bado linatembea, basi ni umeme wa kuchoma ndio unaokatika, na pampu yako ya zamani haikuwa na kosa.

Tatu, usimruhusu mtu achomoe betri. Gereji ulizopita walichomoa?

MWENYE UZI

Ndiyo fundi. Wawili kati yao walichomoa betri, walisema wanalifuta kumbukumbu ili lianze upya.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Walifuta ushahidi. Hilo gari linajiandikia makosa lenyewe hata kama taa haibaki imewaka. Halihitaji kompyuta ya kisasa. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna matundu, na nyuma ya kifuniko zimeandikwa herufi zake. Chukua kipande cha waya, unganisha TE1 na E1. Washa ufunguo bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya injini kwenye dashibodi inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja bila kutua, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa ikatua, ikapepesa tena, ni namba mbili: za mwanzo ni kumi, za pili ni moja moja. Tazama herufi vizuri kabla hujaunganisha, usiweke waya kwa kukisia.

Kwa kuwa betri ilichomolewa juzi, sasa hivi huenda ukakuta pametulia. Soma leo, kisha usome tena baada ya kusita.

MZEE WA CHUMBAGENI

Mwenye uzi, mimi sina ujuzi wa hizi za kompyuta. Nimeendesha Land Rover za petroli za enzi za platini (vigusio vya kukata na kuunga umeme wa cheche), kupanda Amani na Lushoto. Nakupa jambo moja tu. Kitu cha umeme chenye ugonjwa wa ndani hujificha kikiwa baridi. Kondensa ya Land Rover, kile kikopo kidogo cha umeme kinachofanya kazi na platini, ikianza kufa, ukiipima asubuhi ni nzima, ukipanda nayo kutoka Mombo, nusu ya njia gari linakohoa na kukosa nguvu. Unasimama, unafungua boneti, unakunywa maji, likipoa unaendelea. Tulikuwa tunatembea na kondensa ya akiba mfukoni.

Kwa hiyo huyo wa Pangani anayesema kupaki likapona ni dalili ya mafuta hakukosea, lakini ni dalili ya umeme vilevile. Kupoa peke yake hakukuambii ni kipi.

MWENYE UZI

Shikamoo mzee wangu, nashukuru. Nilikuwa nimeshaamini ni tanki.

MZEE WA CHUMBAGENI

Marahaba mwanangu. Andika hilo daftari.

DADA WA RASKAZONE

Kaka, kabla ya yote jaribu hili, ni la bure. Starlet yangu ilisumbua karibu mwaka. Ilikuwa ni kifuniko cha tanki la mafuta. Kina tundu la kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Tundu likiziba, tanki linabaki likivuta hewa isiyoingia, pampu inashindwa, gari linakata pumzi. Nikisimama na kufungua kifuniko nasikia hewa inaingia kwa nguvu, nikifunga gari linakwenda tena. Likisita, simama, fungua kifuniko usikilize.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Dada umesema vyema. Ongeza kwenye daftari: kifuniko kimepumua au hakikupumua.

MWENYE UZI (siku tisa baadaye)

Wakuu samahani kwa kukaa kimya. Nilitaka nije na kitu cha maana.

Nilisoma taa siku ile ile aliyonielekeza fundi, ikapepesa mfululizo, hakuna kosa. Nikaanza daftari. Nanakili kama nilivyoandika.

Jumatano, jioni, kutoka Pongwe kurudi mjini. Dakika 20. Hakuna kitu.

Alhamisi, nilizunguka makusudi mpaka Amboni na kurudi, dakika 50. Lilisita mara mbili, gia ya 3 na ya 4, nimezamisha mguu. Mafuta nusu. Kifuniko hakikupumua. Mshale sikuuona, nilikuwa natazama barabara.

Ijumaa, mvua kubwa, foleni ya mjini, geji ya moto katikati. Hakuna kitu.

Jumamosi, njia ya Muheza, peke yangu. Nilijaza tanki sheli kabla ya kutoka. Dakika 35, likasita. Gia ya 4, nakanyaga kupanda kilima kidogo. Mshale ulidondoka. Wakuu, nimeuona kwa macho yangu: ulikuwa kwenye 3, ukaenda chini kabisa kama umekatwa, ukarudi. Gari lilikuwa linatembea muda wote. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikaachia mguu nikaenda taratibu gia ya 5 kwa mwendo mmoja, halikusita mpaka Muheza. Kifuniko hakikupumua.

Jumapili, kurudi. Nilipopita kwenye tuta kwa kishindo lilikohoa mara moja, hata sijakanyaga.

Jumapili usiku nikaunganisha TE1 na E1. Imepepesa mara moja, ikatua, ikapepesa mara nne. Nimerudia mara tatu. Ni 14.

DEREVA WA PANGANI

Umejaza tanki na bado limesita? Basi mimi nimekosea kwenye tanki. Ila chujio bado laweza kuziba tanki likiwa limejaa.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Chujio laweza kuziba tanki likiwa limejaa, ni kweli. Lakini chujio haliangushi mshale. Mafuta yakipungua, cheche bado zinapiga na koili bado inapiga, mshale unaendelea kuhesabu. Na tuta la barabarani haliwezi kuziba chujio kwa nukta moja kisha likalizibua.

Namba 14 kwa Toyota ya umri huu ni alama ya kuchoma. Kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, inatuma amri ya kupiga cheche, kisha inangoja jibu kwamba cheche imepigwa. Jibu lisipofika mara kadhaa mfululizo, inaandika 14 na inafunga nozeli, ili petroli isimiminike kwenye silinda ambazo hazichomi. Ndiyo maana unasikia kama gari limeshikwa kwa nyuma: vyote viwili vimekatika pamoja, cheche na mafuta. Jibu likirudi, vyote vinarudi pamoja, linaruka.

Daftari lako limefanya kazi kubwa. Tazama lilivyopanga: gia za juu na mguu mzito linasita, mwendo mmoja mguu mwepesi halisiti, tuta linasababisha bila mguu. Ijumaa ya mvua na foleni, injini ya moto, halikusita, maana hukukanyaga kwa nguvu. Waya za plagi zinazovuja zingependa mvua ile. Kwa hiyo joto lipo ndani yake, lakini joto peke yake halitoshi. Kuna kitu kinachotikisika.

KIJANA WA MAKORORA

Kama ni kuchoma basi badilisha distributa nzima, ile inayogawa umeme kwa plagi, koili imo humo humo ndani. Za mtumba zipo Dar, unatumiwa kwa basi mpaka Kange kesho yake.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Kijana, yawezekana ni koili. Yawezekana pia ni igunaita (kifaa kinachokata na kuunga umeme wa koili), au swichi ya ufunguo, au waya. Kwa nini anunue distributa ya mtumba yenye umri sawa na yake kabla ya kupima? Akiifunga na ugonjwa ukabaki, atakuwa na mashaka mapya: je, hii niliyonunua ni nzima? Pampu ya mtumba tayari imeshamweka hapo.

Mwenye uzi, kagua injini mauntini zako, ile mipira inayoshikilia injini kwenye bodi. Fungua boneti, mtu mmoja akae ndani, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo sana mpaka injini ianze kubeba mzigo, kisha akanyage tena. Wewe simama pembeni, usisimame mbele ya gari. Tazama injini inavyoinuka.

MWENYE UZI

Nimefanya na shemeji yangu. Injini inainuka sana fundi, kama upana wa vidole vitatu, na inarudi kwa kishindo. Mauntini ya mbele mpira wake umepasuka. Hilo linaweza kusababisha kusita?

FUNDI WA BARABARA YA 12

Mauntini yenyewe hapana. Lakini injini ya gari lako imelala kwa upana. Ukizamisha mguu inageuka kuelekea nyuma, ukiachia inarudi. Waya zote zinazotoka kwenye bodi kuja kwenye injini zinavutwa kila safari. Mauntini ikiwa nzima zinavutwa kidogo. Ikiwa imekufa zinavutwa vidole vitatu. Waya ya miaka zaidi ya 25, ganda limekauka kwa moto, hewa ya bahari yetu hii imeshaingia kwenye soketi, shaba imeota kutu ya kijani. Unapata nyuzi mbili tatu zinazogusana na nyingine zimekatika ndani ya ganda zima. Kwa macho huoni kitu.

Ikipata moto, ganda linalainika, nyuzi zinaachana kirahisi. Ikipoa linabana, zinagusana. Hapo ndipo maneno ya mzee wa Chumbageni yanapokutana na tuta lako.

Njoo Jumamosi, gari likiwa limeshatembea. Usije nalo baridi.

MWENYE UZI (Jumamosi usiku)

Wakuu, limepatikana. Nieleze kwa utaratibu, kwa sababu nimejifunza mengi na najua kuna mwingine atakuja kuusoma uzi huu akiwa na hali niliyokuwa nayo.

Nilifika Barabara ya 12 gari likiwa la moto. Fundi aliliacha linaunguruma silensa, akaanza kutikisa waya moja moja kwa mkono, taratibu, kuanzia kwenye distributa kurudi nyuma. Waya nene za plagi hakuzigusa, akanionya nisizishike injini ikiwa inawaka kwani umeme wake unapiga vibaya. Alitikisa kila soketi. Injini haikukohoa hata mara moja. Nilikata tamaa kidogo. Yeye akasema silensa injini haijavuta vya kutosha, twende nayo barabarani.

Akachukua taa mbili ndogo za kupimia, zile za volti 12. Ya kwanza akaichukulia umeme kwenye fyuzi ya upande wa ufunguo, ndani ya gari. Ya pili akaiunganisha kwa waya mrefu mpaka nyuma ya soketi ya distributa, kwenye pini inayopeleka umeme kwenye koili. Waya ule akaupitisha kando, mbali na feni na mikanda, akauingiza dirishani na kuufunga usicheze. Taa zote mbili akazibandika juu ya dashibodi kwa utepe. Zikawaka zote.

Alinieleza kabla hatujaondoka. Likisita na taa zote mbili zikazimika pamoja, ni swichi ya ufunguo. Ikizimika ya pili peke yake, umeme unapotelea kati ya fyuzi na distributa. Zisipozimika zote mbili, basi umeme unafika na kosa limo ndani ya distributa au kwenye igunaita, na hapo ndipo tuongee habari ya kununua. Nilipenda sana hilo: kila jibu limeshapangiwa mahali pake kabla ya kutoka gereji.

Tukaenda. Nimeendesha mimi, yeye anatazama taa. Tumepita Kange, tumepita Pongwe, hakuna kitu. Tukasogea mbele, akaniambia weka gia ya 4, zamisha. Likasita. Fundi akasema neno moja tu: "Ya pili." Nikarudia. Ya pili tena, ikapepesa kama jicho, ya kwanza imewaka palepale. Tulifanya mara tano, mara tano zote ya pili peke yake.

Tuliporudi alifungua utepe wa waya zinazoelekea kwenye distributa. Kumbe wakati fulani, labda ilipofanywa kazi ya kichwa cha injini, mtu alizifunga zile waya kwa kamba ya plastiki kwenye bomba la maji ili zisining'inie. Zikakosa ulegevu. Kila injini ikiinuka, mvuto wote ulikuwa unakuja sehemu moja, inchi nne kutoka kwenye soketi. Ganda zima kabisa. Fundi akaishika waya ile kwa vidole viwili, akaivuta kidogo, ikarefuka kama mpira. Waya yenye shaba ndani hairefuki namna hiyo. Alipolichana ganda tukakuta nyuzi zimekatika karibu zote, zilizobaki ni za kuhesabu, na zimekuwa nyeusi na kijani.

Alikata sehemu mbovu yote mpaka akapata shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya cha unene ule ule, akalehemu, akavisha mpira ule unaobana ukipashwa moto. Pini za soketi akazisafisha. Ile kamba ya plastiki akaikata, akazipa waya ulegevu. Mauntini ya mbele nimenunua mpya. Bei ya waya na kazi yake sikuamini, haikufika hata robo ya ile pampu. Mauntini ndiyo iliyokuwa na bei.

Kabla sijaondoka alichomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kompyuta ya injini), akangoja, akairudisha, ile 14 ikafutika. Akaniambia, "Sasa ndiyo kufuta kuna maana. Tumeshasoma."

DADA WA RASKAZONE

Alhamdulillahi. Nimefurahi kwa ajili ya mama.

DEREVA WA PANGANI

Hongera ndugu, na hongera fundi. Nina swali. Nissan ya jirani yangu inasita pia, ila mshale haushuki, na ni pale tu anapokanyaga ghafla kutoka silensa. Ikishachanganya iko sawa.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Hiyo ni njia nyingine. Mshale haushuki, basi achana na kuchoma kwa sasa, anza na hewa. Nissan nyingi zina sensa ya kupima hewa kwenye bomba baada ya filta. Mwambie alichomoe bomba la mpira kati ya sensa hiyo na throtoli, alikunje kwa mikono miwili. Mara nyingi limepasuka upande wa chini usioonekana. Injini ikiinuka ufa unafunguka, hewa isiyopimwa inaingia, mafuta yanakuwa machache mno kwa hewa hiyo, linasita. Mauntini hizo hizo tena. Kama bomba ni zima, sensa isafishwe kwa dawa yake, isipanguswe kwa kitambaa. Kisha ndipo apime presha ya mafuta, nami nasema apime, asibadilishe pampu. Kwenye Corolla kama ya mwenye uzi tunategemea karibu baa 3 ukichomoa kimpira cha vakyumu kwenye regyuleta ya presha ya mafuta, na inashuka kiasi ukikirudisha. Ya Nissan yake atazame kitabu chake.

Daftari aanze leo.

MWENYE UZI (wiki tatu baadaye)

Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Wiki tatu, halijasita hata mara moja. Nimeliendesha mchana wa jua kali, nimelizamisha gia ya 3 na ya 4 makusudi, nimepita matuta yote ya njia ya Muheza. Nimesoma taa mara mbili, inapepesa mfululizo.

Jana nilimfuata mama. Alisimama pembeni ya gari akaniuliza ugonjwa ulikuwa nini, nikamwonyesha kile kipande cha waya, nimekiweka kwenye droo ya dashibodi. Alikigeuza mkononi kwa muda mrefu. Akapanda. Tumekwenda mpaka Segera kumtembelea dada yake na kurudi. Tulipofika pale nilipoponea nilikuta tena lori mbele yetu, barabara nyeupe, nikaweka gia ya 3 nikalipita. Mama aliendelea na hadithi yake ya mahari ya mjukuu, hakukatisha.

Fundi, nimesikia mlio mdogo upande wa kulia likikata kona kali, bado sijajua ni nini. Nimeshaanza kuandika.

FUNDI WA BARABARA YA 12

Andika kona ya kushoto au ya kulia, na kama unasikika ukiwa umekanyaga mafuta au umeachia. Usiguse kitu mpaka Jumamosi.